Mbwa Asiyechoka wa Ghorofa ya Tatu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipanga nyumba za ghorofa na kugombania kamba za kuanikia nguo, Bi Nguchiro aliishi ghorofa ya tatu na Mbwa wake. Nguchiro alikuwa fundi cherehani, mdogo hivi, akikaa kazini unaona masikio tu. Mbwa naye alikuwa mkubwa, mwema, na hakujua kutulia.

Asubuhi nzima Nguchiro akishona, trrr! trrr!, Mbwa alikimbia kutoka sebuleni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi sebuleni. Gubu-gubu-gubu! Akifika ukutani, anageuka. Mnacheka? Waliokuwa chini yake hawakucheka.

Ghorofa ya pili aliishi Kiboko, ambaye kwake usingizi wa mchana ulikuwa kama chakula. Ghorofa ya kwanza aliishi Nyati. Siku moja kipande cha dari kikamdondokea Kiboko kwenye uji, chubwi! Akapanda ngazi, du! du! du!, Nyati nyuma yake.

"Fundi! Fungua!"

"Karibuni, majirani. Kuna suruali imechanika?"

"Suruali gani!" Kiboko akafoka. "Mwisho wa mwezi Mama Ndovu mwenye nyumba anakuja. Tutamwambia huyu mbwa atoke. Na atatoka!"

Mbwa akalaza masikio. Nguchiro akamvuta Mbwa karibu. Alimlea Mbwa tangu hajafumbua macho, alimpenda, na hakujua angeishije bila yeye. Lakini hakulia. Akatoa sindano mdomoni, akashusha pumzi.

"Hata mimi amenishinda," akasema. "Shida yake ni moja, hachoki. Angepatikana mwenye nguvu akamkimbiza mpaka aseme amechoka, siku hiyohiyo ningemfungashia virago mwenyewe, bila kumngoja Mama Ndovu. Lakini nani wa kumchosha? Hayupo."

"Hayupo vipi?" akauliza Nyati.

"Hayupo, jirani. Labda enzi zile mlipokuwa vijana."

"Enzi zile!" Pua za Nyati zikapuliza, fyuu! "Kesho alfajiri namchukua mimi!"

"Na keshokutwa zamu yangu," akadakia Kiboko.

Walipoondoka, Nguchiro akamnong'oneza Mbwa, "Ukiulizwa kama umechoka, sema bado. Kuchoka utachokea ndani, mlango ukishafungwa."

Asubuhi Nyati na Mbwa wakazunguka uwanja wa mpira mara kumi, wakapanda kilima hadi kwenye tangi la maji, wakarudi. Nyati ulimi nje.

"Ume... umechoka?"

"Bado, mjomba!"

Siku iliyofuata akaenda Kiboko, puu! puu!, akisimama kila bomba kujimwagia maji. "Umechoka?"

"Bado, mjomba!"

Mbwa alipanda ngazi akirukaruka, mlango ukafungwa, akaanguka mkekani, pu! Akalala mpaka jioni. Huko chini majirani nao walikuwa wamelala, hoi.

Ikawa hivyo kila siku. Wiki ya tatu wakaamua kumkimbiza wote wawili siku moja, kwa kupokezana. Mbwa akarudi miguu ikimtetemeka.

"Umechoka wewe!" Kiboko akamsogelea. "Sema!"

Mbwa akafungua kinywa. "Nime..."

Nguchiro alikuwa dirishani, nusura ameze sindano. Akakunjakunja matambara, akayafunga uzi yakawa mpira, akautupa chini. Masikio ya Mbwa yakasimama. Akaruka, hap! Akaudaka.

"Bado, wajomba!"

Kiboko akaketi chini palepale.

Mwisho wa mwezi Mama Ndovu akaja mchana. Ilibidi agonge sana ndipo Kiboko na Nyati waamke. Wakapanda wote hadi kwa Nguchiro.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, fundi. Huyu ndiye mbwa msumbufu?"

Mbwa alikuwa kalala chali, kimya kabisa.

"Mlimsikia lini mara ya mwisho?" Mama Ndovu akawauliza majirani.

Kiboko akafikiri. "Ni... kama wiki tatu."

"Nani kamtuliza?"

"Sisi!" Nyati akatanua kifua. "Kila asubuhi tunamkimbiza kwa zamu, mimi na mwenzangu."

Mama Ndovu akaanza kucheka, mkonga juu, mpaka vikombe vikagongana kabatini. "Kumbe mnamtembezea fundi mbwa wake!"

Kiboko akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Nguchiro, ambaye alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa makini mno.

"Umetuchezea!" Kiboko akanguruma.

"Nimewachezea, nisameheni. Niliogopa mtanifukuzia Mbwa wangu. Basi kesho mpumzike. Nitamwambia majirani wamechoka."

"Nani kachoka?" wakasema wote wawili kwa pamoja. "Mwambie kesho tunafika mpaka mtoni!"

Basi, wanangu, mwenye majivuno humwombi msaada. Unamwambia tu kwamba hawezi.