Bibi Nyati na Mtani Wake Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Tegeni masikio, nami nifungue mdomo.

Hapo zamani za kale aliishi Bibi Nyati, mkubwa wa ukoo. Wajukuu walimpenda mno. Akitaka kuinuka walisema, "Keti, bibi, tutakuletea." Wakamletea majani. Wakamletea maji kwa kibuyu.

Bibi akaketi, akaketi, hata magoti yakakakamaa. Fisi akaanza kupita pale kila jioni, akiiangalia miguu ya bibi. Alijua kiangazi kinakuja, kundi litahamia mtoni, na asiyeweza kutembea ataachwa.

Bibi Nyati alikuwa na mtani wake, Kanga. Nanyi mnajua, mtani akikutania huruhusiwi kununa. Asubuhi moja Kanga akaja.

"Shikamoo, kichuguu!"

"Marahaba, shingo upara! Kichuguu nani?"

"Wewe. Mchwa wameshaomba kiwanja mgongoni kwako."

Bibi akainuka amkanyage. Akajikokota nyuma yake mpaka kwenye mti wa mgunga uliokuwa karibu, pumzi ikamwishia.

"Leo yatosha," akasema Kanga. "Kesho utanikosa tena."

Kesho yake akaja, akatania, akafukuzwa. Kesho kutwa vilevile. Wajukuu wakakasirika.

"We Kanga, unamkimbiza mzee? Huna adabu!"

"Niachieni mtani wangu," akasema bibi, akihema. "Jana nililala bila kuumwa goti."

Wakaendelea hivyo, polepole. Mgunga ukapitwa, wakafika mwambani. Kisha asubuhi moja Kanga hakuja. Alikuwa akiatamia mayai. Bibi akangoja, akachoka kungoja, akaenda mwambani peke yake na kurudi.

Kiangazi kikafika, madimbwi yakakauka. Wajukuu wakalia, "Bibi tutambebaje?"

"Nani kawaambia nabebwa?"

Akatembea kidogo, akapumzika, akatembea tena. Fisi akafuata nyuma mchana kutwa, akingoja kishindo cha kuanguka. Hakukisikia. Jua lilipozama, Bibi Nyati alikuwa amesimama mtoni, maji yakimfika magotini, anakunywa.

"Kuanzia kesho," akawaambia wajukuu, "majani yangu nayafuata mwenyewe. Mkitaka kuniheshimu, twendeni pamoja."

Hadithi hii yatufundisha kwamba kumpenda mzee si kumkalisha. Mwili wa mzee wataka kutembezwa kila siku, kidogo kidogo, kabla ya siku ya shida.

Yangu imekwisha. Inukeni sasa, kila mmoja akamshike bibi yake mkono.