Hata Kichwa cha Mama

Sogeeni karibu, lakini mwenye hasira za haraka akae mbali na vyombo, maana hadithi hii itamchemsha.

Palikuwa na wasusi watatu mjini Kahama, wakisukia kwenye baraza la duka la nafaka. Milembe alikuwa na jicho: akipitisha kitana, mistari inanyooka yenyewe. Kabula alikuwa na vidole: hata nywele fupi za kipilipili zilimtii. Zena alikuwa na mdomo: mteja aliyekuja amenuna aliondoka anacheka, na wiki ijayo analeta dada zake. Kichwa kimoja walikisuka wote kwa pamoja, na bibi harusi hakuwahi kuchelewa kwa sababu yao.

Baraza likavunjwa kupisha barabara. Wakabaki na vigoda mkononi.

Zena akaenda saluni kubwa ya Madamu Frida, akabembeleza mpaka wakapewa kichwa cha majaribio. Milembe akagawa mistari, Madamu akasogea kutazama. Kabula akasuka, Madamu akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Nawachukua wote watatu," alisema, "au simchukui hata mmoja."

Akawapa mkataba. Na hapo ndipo walipofanya ujinga wao: waligawana mkataba kama walivyozoea kugawana kichwa! Milembe akasoma mwanzo, Kabula katikati, Zena mwisho. Kila mmoja akasema, "Kwangu kuko sawa." Kabula akasaini, Zena akasaini. Milembe, kalamu mkononi, akasita.

"Hebu tusomeane kwa sauti. Kwangu wanasema ususi ni kusuka nywele za mtu yeyote, kwa malipo au bure."

"Kwangu," alisema Kabula, "ni marufuku kufanya ususi nje ya saluni hii, hata miaka miwili baada ya kuacha kazi."

Zena akafunua ukurasa wa mwisho. "Kwangu, mmoja akivunja, wote tunafukuzwa."

Milembe akahisi damu inampanda kichwani. Mama yake alikuwa amepooza mkono. Kila Jumapili alikaa mkekani, katikati ya magoti ya binti yake, akisukwa mtindo wa twende kilioni, mistari inayorudi kisogoni. Mtu mwingine akimgusa, mama analalamika kwamba anamvuta nywele. Ndiyo siku pekee mama huyo anayoomba kioo.

"Hata kichwa cha mama yangu?" alimuuliza Madamu.

"Mlete hapa, alipe kama wengine. Nikikuruhusu umsuke mama nyumbani, kesho utaniambia shangazi, keshokutwa mtaa mzima. Nawajua nyie. Mnajifunza mitindo yangu, halafu mnafungua saluni mlangoni kwangu."

"Umetufundisha nini wewe? Mikono hii tumekuja nayo!"

Kabula akamvuta pembeni. "Saini, mwenzangu. Wanangu wanakula nini? Mama utamsuka kimyakimya, nani ataona?"

"Nimsuke mama yangu kama mwizi? Nifunge mlango kwa sababu ya kitana?"

"Basi sikiliza," Zena alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Nimempigia magoti mwanamke huyu kwa ajili yetu sote. Usiposaini, aliyetufukuza ni wewe, siyo yeye."

Maneno hayo yalimuuma Milembe kuliko mkataba wenyewe. Aliwachukia wote wakati ule: Madamu kwa uchoyo wake, wenzake kwa kuharakisha, na yeye mwenyewe kwa kusoma theluthi moja ya maisha yake.

Madamu akagonga meza kwa kucha. "Kuna wengine wanasubiri. Unasaini au husaini?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Msinitazame mimi, nimekasirika kama yeye na jibu sina. Kazi waliitafuta wote watatu, hakuna aliyetoa kidogo kuliko mwenzake. Je, mmoja ana haki ya kuwanyang'anya wawili riziki yao? Au wawili wana haki ya kumzuia mmoja asimguse mama yake? Wewe uliyenyamaza hapo nyuma, na wewe unayetikisa kichwa: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeamua vipi?