Ukuta wa Upande wa Wageni

Tulieni kidogo, na nyie wa mlangoni ingieni, hapa hakuna kiingilio. Nawapa kisa cha jamaa mmoja, fundi wa mabati.

Jamaa huyu alikuwa na bibi yake mzaa mama, kikongwe shabiki wa mpira balaa. Timu ya mtaa ikicheza, bibi kafika kabla ya refa, na mdomo wake usipime. Sasa bibi akafanyiwa operesheni ya macho. Daktari akamwambia, vumbi likiingia humo kabla hujapona, macho yamekwenda. Bibi akarudi nyumbani akamwambia fundi, "Mume wangu, Jumamosi ni fainali na mimi naenda. Tafuta njia."

Uwanja wenyewe ni hivi viwanja vyetu tunavyovijua, hauna nyasi, hauna kivuli. Wenyeji wanakaa upande huu, wageni upande ule, na hakuna anayevuka. Ikifika saa kumi jioni upepo unashuka kutoka nyuma ya wageni, unazoa vumbi la shamba lililovunwa, unakuja kulimwaga usoni kwa wenyeji.

Mtaa ukakusanya mabati ya zamani. Fundi akawapigia paa, kivuli safi kabisa. Mabati yaliyobaki wakasema, tuwekee ukuta nyuma ya migongo yetu. Akaweka. Mechi ya Jumatano upepo ukaja, ukagonga ule ukuta, vumbi likakosa pa kutokea, likazunguka humo humo bandani. Watu walikohoa mpaka dakika ya tisini. Bibi alikaa mechi nzima kajifunika kanga gubigubi. Yaani hakutazama mpira, aliusikiliza.

"Basi ukuta uhamishie mbele yetu," mwenyekiti wa mashabiki akasema.

"Na mpira mtautazamia wapi, mwenyekiti? Kwenye matundu ya misumari?"

"Sasa uende wapi?"

Fundi akanyoosha kidole upande wa wageni.

Wee! "Tuwajengee wale? Waliotupiga nne, wakaimba mpaka stendi?" Na bibi ndiye alikuwa mkali kuliko wote: "Mume wangu, talaka yako iko njiani!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungesema basi yaishe, si ndiyo? Lakini fundi alikuwa anamwona bibi kila asubuhi akipapasa kikombe cha chai mezani. Jumamosi saa sita, jua la utosi, akaenda akaanza kung'oa misumari. Peke yake. Watu wakamzomea, "Msaliti! Si uvae na jezi yao kabisa!" Akajitwisha bati moja moja, akawa anavuka nalo uwanja.

Wageni wakafika na lori lao na ngoma. Wakamkuta anachimba mashimo ya nguzo pale nyuma wanapokaaga.

"Oya, fundi, mnatujengea zizi?"

"Ukuta wa upepo," akasema. "Hebu nishikie nguzo hiyo."

Wakatazamana. Mmoja akaruka chini, akashika. Wa pili akachukua nyundo. Wengine nao wakashuka.

Saa kumi upepo ukashuka kama kawaida yake. Ukagonga mabati, ukapanda, vumbi likapita huko juu kama wingu lisilo na shida na mtu. Upande wa wenyeji watu walikuwa wameshaziba pua, wanasubiri. Dakika ikapita. Mbili. Mmoja akatoa mkono puani. Bibi akashusha kanga taratibu, akafumbua jicho moja, halafu la pili. Akauona uwanja wote, mpaka goli la mbali. Na kitu cha kwanza alichokiona vizuri tangu operesheni ni wageni wakiifunga timu yake bao! Akamtukana kipa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Lakini nimeliona! Jamani, nimeliona!"

Ndugu zangu, wazee wangu, wale wenyeji ni sisi. Tunajijengea nyuma ya migongo yetu, halafu tunashangaa mbona bado tunakohoa. Tunaombea watoto wetu tu, na wale wa kijiwe cha ng'ambo hata majina yao hatuyajui. Watoto wetu wanashinda na nani, kama si hao? Unadhani Mungu alipotuagiza tuwapende wa upande ule alitaka kutukomoa? Hapana. Yeye anaona upepo unatokea wapi.

Sasa tusiishie kwenye amina. Mtaro wetu tunauzibua kila mwezi, na kila mvua ikinyesha maji yanaingia humu humu kanisani. Kwa nini? Kwa sababu ulioziba ni wa mtaa wa juu. Unafurika kule, maji yanatushukia sisi. Na wale tangu ugomvi wa bomba hatusalimiani nao. Haya, Jumamosi saa moja asubuhi, majembe begani, tunapanda kule kuzibua wa kwao. Na tukifika, wa kutoa salamu kwanza ni sisi.