Kwa Nini Kwenye Genge la Popo Huulizwa Njia Kwanza

Mmoja wenu amenuna, na mimi nimemwona. Tulipokutana na yule mama wa ndoo ya chaza pale mchangani, hakutupa hata salamu. Alituuliza "Njia?" kwa sauti ya askari. Nilipomjibu kwamba kuna jiwe linalocheza karibu na kisima cha kale, ndipo akacheka na kuanza kutuuliza hali zetu na za waliotuzaa. Basi kaeni hapa kivulini, kwenye ukuta wa msikiti huu, mpumzishe hizo buti zenu mpya. Genge bado liko mbele, na ni vizuri mlipande mkiwa mnajua.

Kale, njia hii ilikuwa hii hii. Ilitoka mji wa Mtondooni, ikafuata ufuko hadi hapa msikitini, ambapo hata wakati huo palikuwa magofu, kisha ikapanda Genge la Popo na kuteremkia mji wa Shungi. Kule juu ilikuwa nyembamba, jabali upande mmoja, bahari upande wa pili. Kilichokuwa tofauti ni watu. Watu wa miji hii miwili walikuwa waungwana kupita kiasi. Walisalimiana mpaka kivuli kikahama, na jibu la kila swali lilikuwa njema. Nyumba imeungua? Njema. Mbuzi kaliwa na chui? Njema kabisa. Hawakuwa waongo. Walifundishwa tangu utotoni kwamba mtu aliyesimama hapewi habari mbaya. Mtu hukaribishwa kwanza, akaketi, akaletewa maji, akanywa, ndipo akaambiwa taratibu. Kumtupia mwenzako habari mbaya njiani kulikuwa sawa na kumvua nguo mbele za watu.

Mimi siicheki adabu hiyo. Anayeambiwa msiba akiwa ameketi huanguka karibu. Lakini kila adabu ina mahali pake, na genge si sebule.

Basi aliishi Mtondooni mwanamke aliyeitwa Bi Somoe. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Mwanatime, aliyeolewa Shungi, na mimba ya kwanza ya Mwanatime ilikuwa imefika wakati wake. Mila ilitaka mama awe ubavuni kwa mwanawe siku hiyo. Bi Somoe hakuhitaji kukumbushwa mila, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuzaa na kuzika kabla ya kumpata Mwanatime, na moyo wake ulikuwa umejaa hofu. Asubuhi ile alifunga mbeleko mpya ndani ya furushi, akajitwika, akashika njia.

Wakati huohuo, baba mkwe wa Mwanatime, Mzee Faki, alikuwa akitoka Shungi kwenda Mtondooni kutafuta mbuzi wa akika. Mtoto hajazaliwa, yeye keshatafuta mbuzi. Alikuwa mtu wa matumaini. Alipokuwa juu ya genge, ardhi ililia chini ya miguu yake. Akaruka. Kugeuka nyuma, akaona ufa, na kipande kizima cha njia kimeinamia baharini, kimeshikwa na mizizi tu. Aliteremka, na hapa, penye kaburi hili la mnara, akakutana uso kwa uso na Bi Somoe.

"Sabalkheri, mkwe," alisema Bi Somoe.

"Akheri, mkwe. Habari za Mtondooni?"

"Njema. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Anakungoja wewe."

"Na za njiani?"

Hapo Mzee Faki akasita. Neno lilimfika ncha ya ulimi. Lakini aliyesimama mbele yake alikuwa mkwe, ana furushi kichwani, ana haraka ya heri. Hapakuwa na mkeka wala mtungi wa maji. Amwambie vipi mkwe habari kama ile, wamesimama juani? Akajiambia kwamba mwenye macho ataona mwenyewe.

"Njema," alisema, akainamisha uso, akaenda zake.

Bahari ilikuwa imekupwa. Angeambiwa neno moja tu, Bi Somoe angepita chini mchangani na kufika Shungi bila shida yoyote. Alipanda. Mtu aliyejitwika haangalii miguu yake, huangalia mbele, na akili ya Bi Somoe ilikuwa mbele zaidi ya macho yake, kitandani kwa Mwanatime. Njia ikaondoka chini yake.

Hakufa. Aliangukia kibaraza cha mwamba kilichojitokeza chini ya genge, juu kidogo ya mchanga, na mguu wake ukavunjika. Akajifunga kanga vizuri, akakaa kungoja maumivu yapungue. Hayakupungua. Baada ya muda maji yakaanza kujaa, na wanawake wa Shungi waliokuwa wakichokoa pweza mwambani wakaanza kurudi mjini. Walimwona kwa mbali, wakadhani amepumzika.

"Shikamoo, bibi! Habari za hapo?"

Na Bi Somoe, mguu umepinda kama kuni, akawajibu nini?

"Marahaba, wanangu! Njema!"

Wakampungia mikono, wakaenda. Mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja ajiulize mara ya mwisho alipoulizwa habari alijibu nini.

Mzee Faki naye hakufika mbali. Alikaa ufukoni juu ya gogo, akajaribu kujiridhisha kwamba ametenda kiungwana, akashindwa. Moyo ulimsuta. Akainuka, akarudi mbio za kizee mpaka juu, pale njia ilipokatika. Alipochungulia chini alimwona mkwe wake, na wimbi limeshamgusa nyayo. Akaona na jambo jingine. Kwenye ukuta wa jabali, juu ya kichwa cha Bi Somoe, chaza walikuwa wameganda, na chaza hawaishi mahali pasipofikwa na maji.

"Hujambo, mkwe?" aliita, maana ulimi una mazoea yake.

"Sijambo. Habari za huko juu?"

Njema ilikuwa imeshaanza kumtoka. Akaimeza. Machozi yakamshuka, mzee mzima.

"Mbaya, mkwe! Mbaya sana. Maji yatapita juu ya kichwa chako, na mimi sina kamba, wala siwezi kushuka hapa. Na ule ufa niliuona. Niliuona, nikaona haya kukwambia."

Bi Somoe aliinua uso.

"Na mimi mbaya," alisema. "Mguu umevunjika. Naogopa, mkwe. Sitaki kufa sijamwona mwanangu."

Alipokwisha kulisema hilo, hakubakiwa na cha kuficha. Akavuta pumzi, akawageukia wale wanawake ambao sasa walikuwa wadogo kule mbele, akapiga ukelele ambao pwani hii haikuwahi kuusikia: "Rudini, wanangu! Si njema! Si njema!"

Walirudi wakikimbia ndani ya maji. Walipofika yalikuwa viunoni. Wakamteremsha kwa kanga zao, wakamfunga mguu kwa vijiti vyao vya kuchokolea pweza, wakambeba mabegani mpaka Shungi. Mzee Faki alikwisha kuteremka na kuzunguka kwa mchangani, akawafuata nyuma amelowa chapachapa, furushi la mkwe kichwani, wala hakujali nani anamtazama.

Nyumbani kwa Mwanatime kulikuwa kimya. Mkunga alikuwa ameketi uani akinywa kahawa, kwa sababu kila alipomuuliza mzazi hali yake, alijibiwa sijambo. Bi Somoe akaingizwa ndani, akalazwa kwenye mkeka kando ya kitanda. Mwanatime akafumbua macho.

"Mama, habari za njiani?"

Kila aliyekuwa chumbani alijua jibu linalotakiwa.

"Mbaya, mwanangu," alisema Bi Somoe. "Nimeanguka, nimevunjika, nilidhani sitakuona tena. Na zako?"

Mwanatime aliwatazama mawifi zake, akamtazama mama yake.

"Mbaya, mama. Damu inanitoka tangu alfajiri. Niliona haya kusema ukweni."

Mkunga aliyasikia hayo kutoka uani, akaacha kahawa yake.

"Mficha uchi hazai, mwanangu!" alisema akiingia, akakunja mikono ya nguo.

Ilikuwa kazi ndefu na ya kutisha, na Bi Somoe aliushika mkono wa mwanawe toka mwanzo hadi mwisho. Mtoto alipolia, mama yake alikuwa hai wa kumsikia. Mkunga, aliyekuwa amechoka kiasi cha kusahau adabu, aliwaambia wazi kwamba kama wangemficha hali ile kwa muda wa kahawa moja zaidi, wangechimba makaburi mawili. Hakuna aliyemwona mshenzi. Mzee Faki alimshukuru huku akilia, kisha akatoka nje akaketi kizingitini.

Bi Somoe alichechemea maisha yake yote. Mguu ulipopata nguvu kidogo, alirudi Mtondooni kwa njia hii hii, na kila aliyekutana naye, yeye alimuuliza hali ya njia kabla ya salamu, naye hakukubali jibu la adabu.

Na tangu siku hiyo, wanaokutana kwenye Genge la Popo hawaanzi na habari za nyumbani. Mmoja huuliza "Njia?" na mwingine hujibu kweli tupu, wamesimama hivyo hivyo, hata wakiwa wakwe. Nyuki wamehamia pangoni, utelezi uko kwenye ngazi, bahari imeshaanza kurudi: hayo hutangulia. Watoto na mifugo huja baadaye, na hapo salimianeni mpaka mchoke. Wakunga wa Shungi nao hawamwulizi mzazi kama hajambo; humwambia aseme panapouma.

Na mtu akishapewa habari mbaya kwenye njia hii, huweka mkono kifuani, akamwambia aliyempa, "Umenisitiri."