Kikombe cha Hitesh

"Picha hainywi chai!" Ba, bibi yetu, alimfokea Baba.

"Mama, punguza sauti, mgeni yuko sebuleni!"

"Mgeni mama mtu! Bwana harusi mwenyewe yuko wapi?"

Methali hii ilianza hivyo, jikoni kwetu Tanga. Siku hizi mtaa mzima mnaisema, ila hamjui ilikotoka. Mimi nilikuwepo.

Kwetu Wahindi uchumba unaanza na chai. Kijana anakuja na wazazi, binti analeta trei, wanaangaliana. Ba anasema mtu humjui mpaka umwone anavyopokea kikombe. Sasa huyu Hitesh, Baba alimpata kwenye mtandao wa wachumba. Yuko Uingereza, kazi anayo, nyota yake na ya dada yangu Bhavna zimelingana. Lakini tukitaka kumwona kwenye simu, kila siku kamera mbovu. Mwisho akamtuma mama yake, Kokilaben, na picha kwenye fremu. Siku hiyo Jumatano, tiketi ya dada ya kwenda kuolewa huko ni ya Ijumaa. Dada hali, halali, ananiuliza tu, "Akiwa mbaya, narudije?"

Ba akaingia sebuleni, akaisimamisha picha kwenye kiti. "Bhavna, mmiminie mumeo."

"Mama, unatuaibisha," Baba akanong'ona.

"Acha anywe nimwone."

Dada akamimina. Birika likagonga kikombe. Kikombe kikapinduka, chai yote usoni kwa Hitesh.

Kokilaben akaruka. Nikajua leo tunatukanwa. Wapi! Alijikunja, kiwiko juu, anajikinga uso. Halafu akaanza kuifuta ile picha kwa sari yake, anaongea mbiombio, "Samahani mwanangu, sio mimi, samahani, sio mimi."

Picha, jamani. Anaiomba msamaha picha.

Ba akamwuliza polepole, "Mwanangu, Hitesh akimwagiwa chai huwa anafanyaje?"

Kokilaben akaangalia mlango, kama vile mtu anakuja. "Msimwambie," alisema. "Nawaomba, msimwambie imemwagika."

Dada akaweka birika chini, akamshika mkono yule mama.

Baba akaichukua ile tiketi mezani, akaichana mara mbili. "Picha hainywi chai," alisema, kama ndiyo kwanza anaisikia.

Akatoka, akafunga mlango taratibu sana, ili Kokilaben asishtuke.