Kiberiti wa Mwalimu Atupele

Mwenye mbio mpe njia, usimpe kamba. Mmeisikia leo mkauliza imetoka wapi. Basi kaeni niwaambie, kwa maana methali hii ilianza hivi.

Hapa Tukuyu aliishi Mwalimu Atupele, mjane na mstaafu, mtu wa kupenda kila kitu kikae mahali pake. Watoto wake walipohama wote nyumba ikawa kimya mno, akaenda Mbeya kwenye kituo kinachotunza mbwa waliotupwa. Alitaka mbwa mzima, mtulivu. Akatoka na mtoto wa mbwa aina ya teria, mwenye miguu mifupi na manyoya magumu kama brashi, kwa sababu alimrukia, akashika upindo wa kanga yake kwa meno na kugoma kuuachia.

"Huyu amechukuliwa mara mbili, akarudishwa mara mbili," mtunzaji alimwonya. "Ukishindwa naye mlete, usimtupe."

Mwalimu akamwita Kiberiti. Wiki haikuisha, Kiberiti alikuwa amefukua bustani ya maua, ametafuna viatu vya kanisani, na amewakimbiza kuku hata wakaacha kutaga. Mwalimu akanunua kamba ya katani, akamfunga kwenye nguzo ya baraza.

Bustani ikapona. Lakini siku ya tatu Kiberiti hakugusa chakula. Alilaza kidevu sakafuni, na ule mkia usiojua kupumzika ukatulia tuli. Mwalimu alimtazama, roho ikamuuma. Mimi ndiye niliyemtoa kifungoni, aliwaza, nami nimemfunga tena. Akaamua amrudishe kesho yake, huenda akapata watu wanaomweza.

Asubuhi hiyo ya kuondoka jirani yake, Mzee Anyosisye, alikuja kumsaidia Mwalimu kutoa mahindi ghalani kwake. Panya walikuwa wamejifanyia makao humo. Mitego ilikuwa imeshindwa, na paka naye alikwisha kukata tamaa. Mwalimu alipita hapo na Kiberiti, kamba mkononi, ili aage. Mzee aliinua gunia la kwanza, panya akachomoka, na Kiberiti akachomoka naye. Kamba ikamponyoka Mwalimu.

Humo ndani palikuwa vumbi na vishindo. Kiberiti akatoka na panya mdomoni, akambwaga miguuni pa Mwalimu, akarudi mbio. Akatoka na mwingine. Jua lilipopanda, panya kumi na saba walikuwa wamelala uani, na Kiberiti amekaa kando yao, ulimi nje, mkia ukifagia vumbi.

"Huyu unampeleka wapi?" Mzee aliuliza.

"Namrudisha kituoni."

"Kwa kosa gani?"

"Mbio zake."

Mzee akawatazama panya. "Na hawa amewapata kwa kitu gani, Mwalimu?"

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa juu ya gunia, Kiberiti akamrukia mapajani na kumramba machozi. Alipopata pumzi aliomba kisu, akaikata ile kamba shingoni mwa Kiberiti.

"Kosa lilikuwa langu," alisema.

Tangu siku hiyo kila asubuhi walizunguka maghala ya majirani, Kiberiti mbele, Mwalimu nyuma akihema na kutabasamu. Aliyemuuliza kwa nini hamfungi mbwa msumbufu kama yule, alimjibu bila kusimama:

"Mwenye mbio mpe njia, usimpe kamba."