Ndoo ya Mama Lusungu

Mshibisha samaki hulala njaa.

Mmeisikia leo pale dukani, mkacheka, mkauliza ni ya wahenga gani. Si ya wahenga. Wahenga hawakuwa na bwawa la kupandikiza samaki, wala hawakudamka kwenye baridi ya Julai kwenda kuvua kitu wasichoruhusiwa kukila. Methali hii ilizaliwa Nyalupala, kwenye vilima vya chai, na asubuhi ilipozaliwa, mume na mke walikuwa njiani wakigombana juu ya ndoo.

"Nakuuliza tena," alisema Kasiani. "Hiyo ni ndoo ya chambo au ya arusi?"

"Ya chambo," alijibu mkewe, Edina, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Lusungu.

"Chambo cha samaki wangapi?"

"Wote."

"Hatuwataki wote. Tunawataka wale watakaouma ndoana."

"Wataumaje kama hawajakaribishwa? Wewe nyumbani kwako ukikaribishwa kwa kuonjeshwa tu ukingoni mwa kijiko, utakaa?"

Kasiani alikuwa amekaa nyumbani kwa Edina miaka mingi na tumbo lake lilikuwa ushahidi. Alikuwa amebeba fimbo ya kuvulia begani. Edina alikuwa na ndoo kichwani, imefunikwa, na mvuke ulikuwa ukimtoka kichwani kana kwamba anafikiri kwa nguvu. Ndani mlikuwa na unga wote uliokuwa umebaki nyumbani, ameusonga ukawa ugali mlaini, akauchanganya na pumba, mashudu ya alizeti, karanga za kutwanga na dagaa waliosagwa. Alikuwa ameonja chumvi mara mbili.

Ili mwelewe ugomvi wenyewe, eleweni kwanza mashindano. Chama cha wakulima wa chai kilikuwa na bwawa, na ndani yake kilipandikiza perege. Kila Julai, chai inapogoma kuchipua kwa sababu ya baridi na watu wanakaa wakiota moto na kusengenyana, chama kiliitisha mashindano ya kuvua. Watu walishindana wawiliwawili. Mmoja alishika fimbo, mwingine alishika chombo cha chambo, na kazi yake ilikuwa kutupia vipande vidogo majini ili samaki wakusanyike karibu na ndoana. Kila wawili walipewa kigingi chao ukingoni kwa kura, na hapo hawakuondoka mpaka filimbi ya mwisho. Samaki walitunzwa hai kwenye wavu uliozamishwa majini, wakapimwa kwenye mizani, kisha wakarudishwa bwawani. Mwaka wa kwanza watu walidhani viongozi wa chama wamerukwa na akili. Mwaka wa pili walishaanza kununua ndoana nzuri.

Julai pia ndio mwezi mgumu. Maji yakiwa baridi, perege hula kidogo sana. Kasiani alikuwa amemwambia mkewe hivyo tangu juzi: samaki wa baridi ni kama mgonjwa, unamwonjesha, humlishi. Edina alimjibu kwamba yeye ameuguza wagonjwa wengi na wote walipona kwa kula.

Zawadi ya mwaka ule ilikuwa mtamba wa maziwa, na Edina alimtaka yule mtamba kuliko alivyowahi kutaka kitu. Hakumtaka kwa ajili yake. Alimtaka kwa ajili ya Lusungu, mwanawe wa pekee, kijana mwenye afya, mabega mapana na tabia nzuri, ambaye alikuwa anakaribia miaka thelathini na bado alikuwa akiulizwa asubuhi kama amelala vizuri. Edina alishampa kuku, kuku waliliwa. Alishampa kipande cha shamba la viazi. Viazi alivilima Edina, akavichimba Edina, akavichemsha Edina. Alishampa cherehani, na kijana aliipenda sana, kwa sababu ilikuwa na urefu unaofaa kuweka redio.

"Ng'ombe ni kitu kingine," Edina alisema walipofika kwenye mteremko wa bwawa. "Kuku anajilea. Viazi vinasubiri. Ng'ombe akiwa na njaa analia mpaka mtu aamke."

"Ataamka mtu," alisema Kasiani. "Ataamka mama yake."

"Wewe humpendi mwanao."

"Nampenda. Ndiyo maana sitaki tumpe ng'ombe. Ng'ombe atateseka."

Hapo ugomvi ulikatizwa na filimbi.

Kwa kura walipata kigingi kizuri, penye kivuli cha mteremko, lakini kigingi cha jirani kilimwangukia Melania, dada yake Kasiani, pamoja na mumewe Bosko. Melania alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho ya kuhesabu nyama kwenye sahani ya mwenzake. Chambo chake alikuwa amekileta kwenye kikombe cha plastiki.

"Wifi," alisema Melania akiitazama ndoo, "hujambo? Naona umehamia."

"Sijahama. Nimekuja na heshima. Wengine nawaona wamekuja na kikombe cha uji wa mtoto."

Kasiani alitia mnyoo kwenye ndoana, akarusha. Edina, kwa kumridhisha mumewe, alitupia kidonge kidogo cha chambo. Haikupita muda boya likatikisika, na Kasiani akavuta perege mwenye ukubwa wa kiganja. Alimtia wavuni kwa adabu, kana kwamba ni yai.

"Umeona," alisema. "Kidogo."

"Nimeona," alisema Edina. "Kidonge kimoja kimemleta mmoja. Na ndoo je?"

Na kabla mumewe hajageuka, alikuwa ameukunja mkono wa sweta na kuanza kugawa. Aligawa kama anavyogawa arusini, bila kuangalia uso wa mtu. Konzi baada ya konzi ziliingia majini. Na kweli, samaki walikuja. Maji yalichemka. Migongo ilionekana, mikia ilipiga, na watu wa vigingi vya mbali walisimama kutazama. Edina aliwaona wakila, moyo wake ukajaa furaha ambayo mpishi tu ndiye anayeijua.

"Sasa vuta," alimwambia mumewe.

"Nivute nini? Hawajauma."

"Subiri wamalize kula."

Walimaliza kula. Kisha wakatulia. Boya la Kasiani lilikaa juu ya maji kama kitufe kwenye shati. Upande wa pili, Bosko alivuta samaki mmoja mdogo, akakaa, akavuta mwingine. Melania alikuwa akichovya ncha za vidole kwenye kikombe na kutupia kama mtu anayetia chumvi.

Edina aliona kwamba wageni wake wamepoa, na dawa ya mgeni aliyepoa aliijua: kumwongezea. Aliongeza. Boya halikutikisika. Alipoona jua limefika utosini na wavu bado una yule mmoja, alifungua kitambaa chenye chakula chao cha mchana, viazi vya kuchemsha, akaviponda mkononi na kuvitupa navyo.

"Mama Lusungu," Kasiani alisema polepole, "vile vilikuwa viazi vyangu."

"Utakula ukishinda."

Melania alikuwa akitazama yote haya. Alingoja mumewe avute mwingine, kisha akasema kwa sauti ya kusikika vigingi vyote:

"Wifi, hao wageni wako naona wanapiga miayo."

"Angalia boya lako."

"Boya langu anaangalia Bosko, tena halimpi nafasi ya kujikuna. Mimi sina kazi, kikombe chenyewe hakijafika nusu. Hao umewashibisha, wifi. Ukimshibisha samaki, atakayelala njaa ni wewe."

Watu walicheka ukingo mzima. Mzee mmoja alicheka mpaka akakosa samaki wake. Kasiani aliinamisha kichwa akisubiri jibu la mkewe, maana Edina hakuwahi kuacha neno la wifi lilale bila kulipwa.

Lakini safari hii Edina alikuwa anatazama maji. Baridi huyafanya yawe maangavu, na pale karibu na ukingo perege mmoja mkubwa, wa kushinda mashindano peke yake, alikuwa anakuja taratibu kuelekea kwenye ndoana. Tumbo lake lilikuwa limeumuka. Alimtazama mnyoo. Alimgusa kwa midomo, akamsukuma kando kidogo, kisha akajilaza chini kwenye tope, akaacha mapezi yake yalegee.

Edina aliijua sura ile. Alikuwa akiiona kila siku mchana, mezani kwake, ng'ambo ya sahani ya tatu.

Mkono wake ulisimama ndooni.

"Baba Lusungu," alisema mwishowe. "Yule mtoto leo amekula?"

"Umemwachia nini?"

"Wali. Maharage. Mayai. Na chapati za jana, nimezifunika asije akaona shida kuzitafuta."

"Basi amekula."

"Alisema atatuletea chai ya moto mchana huu."

Kasiani aliutazama mteremko. Njia ilikuwa tupu mpaka juu kwenye chai.

"Alisema," alikubali.

Edina aliuondoa mkono wake ndooni, akaupangusa kwenye majani, akaifunika ndoo. Hakutupa chambo tena hata chembe. Lakini samaki aliyeshiba hamwoni mtu aliyejuta, na boya halikutikisika mpaka filimbi ya mwisho.

Walipopima, mshale wa mizani kwa Kasiani na Edina ulisogea kidogo, ukaona haya, ukarudi. Melania na Bosko walikuwa na wavu wa samaki wadogo wadogo wengi, na wadogo wakiwa wengi mizani haiwadharau. Walishinda. Msimamizi alimfungua mtamba, wa rangi ya udongo mwenye baka jeupe usoni, akamfunga kwenye kigingi cha Melania, watu wakapiga makofi.

Melania alifurahi mpaka alipoutazama mlima. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa. Bosko magoti yalikuwa mabovu, na watoto wao wote walikuwa wameolewa na kuoa mbali.

"Sasa huyu nani atamfikisha?" alisema. "Na majani nani atakata?"

Ndipo Lusungu alipotokea kwenye njia, mikono kwenye mifuko ya jaketi, akitembea kama mtu anayeshuka kusalimia tu.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," alisema. "Chapati zimeisha."

"Marahaba," alisema Kasiani. "Na chai?"

"Nilikumbuka chai nikiwa nimeshafika nusu ya njia. Tumeshinda?"

"Ameshinda shangazi yako," alisema mama yake.

"Pole, mama. Mwakani." Kijana alivuta pumzi puani. "Hiyo ndoo ina chakula?"

Edina aliinuka. Alikwenda kwenye kigingi cha jirani, akaifungua kamba ya mtamba, akarudi, akaiweka mkononi mwa mwanawe na kuvikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

Uso wa kijana ulifunguka. "Huyu ni wangu?"

"Wa shangazi yako. Utampandisha mpaka kwake. Kesho utamkatia majani, na keshokutwa, mpaka atakapokuzoea wewe na wewe utakapozoea kazi. Utakula hukohuko."

Melania alielewa haraka kuliko kijana. Alimtazama wifi yake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakumtania. "Ukishakata, mwanangu," aliongeza. "Kwangu sahani hufuata nyuma ya panga."

"Na nikirudi nyumbani usiku huu?"

"Hutarudi. Na ukirudi hutakuta kitu. Unga wote uko bwawani, waulize samaki," alisema mama yake.

Lusungu alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa ameshikwa ghafla na hamu ya kuchunguza ndoana.

Kijana alivuta kamba. Mtamba hakwenda. Alikuwa amenusa ndoo. Alinyoosha shingo, akasukuma kifuniko kwa pua, akalia kwa sauti ya huzuni iliyomwingia kila mtu, na Edina kuliko wote.

"Mama, mpe kidogo," alisema Lusungu. "Au nipe ndoo nitangulie nayo, atanifuata."

Mkono wa Edina ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko. Ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea. Ulikishika kifuniko, ukakiinua kidogo, harufu ya karanga ikatoka, na mtamba akapiga hatua, lakini kuelekea ndoo, si kuelekea mlima. Kasiani alikuwa anatazama. Melania alikuwa anatazama.

Edina akakibana kifuniko. Akaisogeza ndoo nyuma yake, akakunja kanga, akaikalia kwa uzito wake wote.

Mtamba alimtazama, akamtazama Lusungu, kisha akautazama mlima, ambako majani ya Melania yalikuwa ya kijani. Alianza kupanda. Lusungu alipanda naye, akivutwa zaidi ya anavyovuta, na mara mbili aligeuka kutazama nyuma. Mara zote mbili mama yake alikuwa bado amekaa.

Kasiani alikuja kuchuchumaa kando ya mkewe. Tumbo lake lilinguruma, na kwenye ukimya wa bwawa kila mtu alilisikia.

"Mama Lusungu," alisema kwa upole, "jioni hii tunakula nini?"

"Hatuli," alisema Edina, bila kuinuka juu ya ndoo. "Mshibisha samaki hulala njaa."